Mzee Anayepoteza Kumbukumbu: Anzeni Zahanati, si Makazi ya Wazee

Baridi inapoanza kuuma, kuanzia mwezi Juni, ofisi zetu za ustawi wa jamii huku Nyanda za Juu Kusini hupokea zaidi maombi ya aina moja: familia inataka mzee wao "achukuliwe na serikali". Ukiuliza kulikoni, majibu yanafanana. Mzee anapotea njia ya kisimani aliyoipita miaka hamsini. Anamtuhumu mkamwana wake kwamba amemwibia fedha. Anaamka saa nane usiku, anavaa viatu, anataka kwenda shamba. Wengi wanaoleta ombi hili wanampenda mzee wao na wamechoka kweli, wala hakuna anayewalaumu kwa kuchoka. Lakini ukiuliza mzee amepimwa wapi, watu wanatazamana.

Kusahau jina la mtu ukalikumbuka baada ya nusu saa ni uzee. Kusahau kwamba umekula, ukala tena, ukawalaumu watu kwamba wanakunyima chakula, ni ugonjwa. Kitaalamu huitwa dimensia, na kisababishi chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linasema unachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Wapo wanaodhani ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, sita hadi saba katika kila mia wana dimensia. Kwa hiyo maneno kama "mzee amerudi utotoni" yaachwe. Mtoto anajifunza kila siku. Huyu anapoteza kila siku, na katika vipindi fulani anajua kwamba anapoteza. Ndiyo maana analia, ndiyo maana anakuwa mkali.

Kwa nini tunasisitiza vipimo? Kwa sababu si kila aliyechanganyikiwa ana dimensia. Mzee aliyekuwa mzima Jumapili na Jumatano hajui alipo, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, kuishiwa maji, sukari kupanda au kushuka. Aliyeanguka na kujigonga kichwa anaweza kuvujia damu taratibu ndani ya fuvu, na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye wakati familia imeshausahau mwanguko wenyewe. Sonona nayo humfanya mzee aonekane amepoteza akili. Hata nta iliyoziba sikio na mtoto wa jicho vinatosha kumfanya mtu ajibu yasiyoulizwa.

Kipimo cha VVU nacho familia hukikwepa kwa aibu. Takwimu za utafiti wa taifa wa 2022/23 zinaonyesha maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. VVU visivyotibiwa huathiri ubongo, na kaswende ya muda mrefu pia. Zote mbili zina dawa. Kumnyima mzee kipimo kwa kuwa "ni mtu mzima wa heshima" ni kumnyima matibabu.

Mnapokwenda, bebeni dawa zote anazotumia, pamoja na zile za dukani na za kienyeji. Vidonge vya mafua na mzio vya aina ya klorofeniramini, dawa za usingizi kama diazepamu, na amitriptilini vinaweza kumvuruga mzee akili kuliko ugonjwa wenyewe. Anzieni zahanati au kituo cha afya, mpewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Anayemjua mzee aeleze mambo matatu: lini ilianza, ilianza ghafla au polepole, na ni kazi gani ya kila siku aliyokuwa akiiweza mwaka jana ambayo leo haiwezi.

Na dawa za presha zisiachwe. Tumelisema hili kila mwaka na bado linajirudia: "Presha imeshuka, tukaacha." Imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha itapanda, na kila kiharusi, hata kidogo kisichoonekana kwa nje, kinamega sehemu ya ubongo.

Sasa kuhusu makazi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imeiweka familia kuwa mahali pa kwanza pa kumtunza mzee. Makazi ni hatua ya mwisho, kwa mzee asiyejiweza na asiye na mtu. Mzee mwenye watoto sita wenye kazi zao hana sifa hiyo, hata kama watoto hao wako Dar es Salaam. Ombi huanza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, anayethibitisha kwa barua yenye muhuri. Linapita kata. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anafika nyumbani, anamwona mzee mwenyewe, anaongea na majirani, anatafuta ndugu, kisha anaandika taarifa inayopelekwa ngazi za juu kwa uamuzi. Kumleta mzee kwenye benchi la ofisi na begi lake, kisha kuzima simu, hakufupishi utaratibu huu. Ni kumtelekeza, na ofisi italazimika kuwatafuta kwa msaada wa polisi. Kwa makao ya watu binafsi na ya dini, ulizeni kwanza kama yamesajiliwa, usiku nani analala na wazee, na anayetoa dawa ana mafunzo gani.

Kuna jambo lingine ambalo familia hazilifikirii. Dimensia hufuta ya karibuni kwanza na kubakiza ya zamani. Mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani anaweza kubaki na Kihehe, Kinyakyusa au Kikinga peke yake. Mpeleke mkoa wa mbali, na anaposema kwa lugha yake kwamba anataka kujisaidia, hakuna anayemwelewa, wanamhesabu mkorofi. Nyumbani kuna mjukuu anayemwamkia "kamwene" na uso wake ukafunguka.

Nyumbani hapo, kinachoua haraka ni moto na usiku. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba anacholala, hata Makete kukiwa na umande ulioganda: mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mzee huyu hataamka wala kugundua. Pasheni chumba mlango ukiwa wazi, toeni jiko, ndipo alale na soksi, kofia na blanketi mbili nyepesi badala ya moja zito linalomnasa miguu. Mafiga yawekewe kizuizi, na kiberiti kikae mfukoni mwa mpishi.

Giza likianza kuingia, wengi huchafukwa: wanazunguka, wanasema "nataka kwenda kwetu" wakiwa kwao. Washeni taa mapema, kabla vivuli havijajaa chumbani. Msibishane naye. Muulizeni kwao kukoje, analima nini huko, tembeeni naye uani hatua ishirini kisha mrudi kwenye uji. Kubishana kunamwachia hasira baada ya maneno yenyewe kusahaulika. Maji mpeni kikombe kidogo kila baada ya saa mbili mchana, mpunguze kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ndoo yenye mfuniko iwe karibu na kitanda. Choo kikiwa nje, tundikeni kitambaa cheupe mlangoni mwake na msafishe njia. Komeo la mlango wa nje liwekwe juu kabisa, mahali ambapo hazoei kutazama. Lakini asifungiwe ndani peke yake, wala asifungwe kamba mguuni. Hakuna mazingira yanayoruhusu kamba.

Kuoga ndiko ugomvi mkubwa ulipo. Maji yawe ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko. Mwache na khanga mabegani, anza na miguu, panda taratibu, kichwa kiwe cha mwisho au kiachwe hadi siku nyingine. Sema unachofanya kabla ya kukifanya: "Sasa mkono, bibi." Anayemwagiwa maji kichwani bila kutarajia anaamini anashambuliwa, na atapigana. Mara mbili kwa wiki inatosha, mradi sehemu za siri zisafishwe kila siku.

Shoneni kitambaa chenye jina la kijiji na namba ya simu ndani ya kola ya koti lake, si mfukoni, kwa sababu mifuko anaitoa vitu. Akipotea, msisubiri saa 24. Hiyo kanuni haipo na hatujui nani aliieneza. Pigeni yowe, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji, pigeni 112, na muanze kutafuta kuelekea alikozaliwa, mashamba yake ya zamani, mtoni na kwenye majani marefu ya karibu. Usiku wa Julai mzee aliyelowa umande anaweza kufa kwa baridi kabla ya alfajiri.

Tunalisema lifuatalo kwa uzito wote. Bibi akikutwa alfajiri uani kwa jirani, hana nguo, hajui alikotoka, msiseme mchawi ameanguka. Alitoka kujisaidia, akavua gauni, akasahau kulivaa, akapotea njia ya kurudi. Mtieni shuka, mpeni kitu cha moto, muiteni mwenyekiti. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya mtuhumiwa wa jinai yule anayemwita mwenzake mchawi, na wapiga ramli chonganishi, wakiwemo wanaojiita lambalamba, wanaweza kushtakiwa pamoja na waliowachangia fedha kuwaita. Kamati ya kijiji iliyokusanya michango hiyo haina kinga.

Mali nayo inaleta mashauri mengi tangu bei ya mashamba ya parachichi na miti ilipopanda. Kwa Sheria ya Mikataba, makubaliano na mtu asiye na akili timamu wakati wa kuyafanya ni batili. Dole gumba la mzee asiyejua leo ni siku gani halihamishi shamba, hata mbele ya mashahidi kumi. Kughushi wosia au hati ya ardhi, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mzee angali na akili zake katika hatua za mwanzo, aandike wosia mbele ya mashahidi na aeleze nani asimamie nini. Akishapoteza uwezo, wanaotaka kusimamia mali yake waende mahakamani. Kadi yake ya benki na namba ya siri si mali ya aliyemchukua kukaa naye.

Kuhusu gharama: msamaha wa matibabu ni kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Maneno ya mwisho katika sentensi hiyo ndiyo watu huyaruka, kisha wakaja kugombana na mhudumu dirishani. Uthibitisho unaanzia kijijini au mtaani, si hospitali.

Mkija ofisini, njooni na cheti au kadi ya hospitali, barua ya mtendaji, kitambulisho cha mzee kama kipo, na orodha ya watoto wake wote na namba zao za simu, hata wale msioelewana nao. Tutawapigia wote, tupange nani analala naye siku zipi na nani analipa nini, ili yule mmoja anayemtunza mzee apate walau siku moja kwa wiki ya kupumzika. Na anayekuja kueleza awe yule anayelala nyumba moja na mzee. Anayetuma fedha kwa simu tunamshukuru, ila hajui mzee aliamka mara ngapi jana usiku.