Sisimizi wa mgunga na mawindo ya simba

Ukipita nyanda za Laikipia, nchini Kenya, zenye udongo mweusi, ule unaonasa buti wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, karibu kila mti utakaokutana nao ni wa aina moja: mgunga mfupi wenye miiba mirefu myeupe, na katikati ya miiba hiyo vinundu vyeusi vya mviringo. Wako wanaouita mbalibali. Upepo ukivuma, vinundu vile hulia kama filimbi, maana vimetobolewa matundu. Kazi yangu ni ikolojia, na katika miti yote niliyowahi kuishughulikia, huu ndio ninaouheshimu kuliko yote.

Kinundu huoteshwa na mti wenyewe, hata pasipo sisimizi. Kikiwa kichanga ni laini, chenye rangi ya kijani na zambarau. Kikikomaa huwa kigumu na cheusi. Sisimizi ndio wanaotoboa mlango. Kipasue kwa kisu, utakuta mayai na mabuu meupe yamerundikwa ndani, na vibarua wakihangaika kuyahamisha. Kabla hujamaliza kutazama, wenzao wameshamwagika kwenye tawi zima, mikia juu, harufu kali imekupanda puani na vidole vinaumwa. Pale jani linaposhikana na tawi pana vitezi vidogo vinavyotoa utomvu mtamu. Mti unawapa wadudu hawa makao na chakula, nao wanaulinda.

Aina za sisimizi wanaoishi kwenye mgunga huu Laikipia ni nne, na kwa kawaida mti mmoja hukaliwa na aina moja tu. Hupigana kugombea miti, na maiti hulala chini ya shina. Wala si wote walinzi wema. Aina iitwayo kitaalamu Crematogaster nigriceps hukata vichipukizi vya mti hata usitoe maua. Crematogaster sjostedti hakai kabisa kwenye vinundu. Yeye hukaa kwenye mashimo yaliyochimbwa shinani na mabuu ya mbawakawa, kwa hiyo mbawakawa akija kutaga hamfukuzi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitarajii. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, tangu mwaka 1995, vipande vya ardhi vilizungushiwa ua ili tembo, twiga na walaji wengine wakubwa wasiingie. Mtu angedhani miti ya ndani ya ua itanawiri. Baada ya takriban miaka kumi ikaonekana kinyume chake. Mti usioliwa hupunguza vinundu na utomvu, kwa kuwa hauna adui wa kumwajiria mlinzi. Sisimizi wakali wakadhoofika, yule rafiki wa mbawakawa akatwaa nafasi, na miti ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa kila siku. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Wategemezi wa mti huu ni wengi. Faru weusi hula matawi yake. Twiga hula majani na kuvumilia kuumwa. Kima wekundu wenye miguu mirefu hula gundi yake pamoja na sisimizi wenyewe, na mijusi wadogo hujificha kwenye nyufa za matawi yaliyovunjwa. Tembo ndiye anayeogopa, kwani sisimizi humwingia ndani ya mkonga, penye ngozi laini.

Katika miaka ya karibuni ameingia sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa. Huua sisimizi wa mgunga, hula mayai na mabuu yao, kisha haulindi mti hata kidogo. Panapovamiwa, tembo huvunja miti mara tano hadi saba zaidi. Uwanda unabaki wazi. Simba huwinda punda milia kwa kunyemelea, na bila vichaka hana pa kujificha. Utafiti wa Ol Pejeta, hifadhi ya wanyamapori iliyoko Laikipia, uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003, na kufikia 2020 wameshuka hadi asilimia 42. Pengo limezibwa na nyati. Idadi ya simba haijashuka, lakini nyati ni windo la hatari, linalotaka simba wengi kushirikiana.

Mvamizi huyu hutembea polepole akiachwa peke yake. Anayemharakisha ni binadamu, kwa magari ya mizigo, kuni, na hasa miche ya maua inayoletwa na udongo wake. Ndiyo maana wenye kambi za wageni wakiniomba ushauri wa bustani, nawaambia waoteshe miche kwa mbegu na kwa udongo wa hapo hapo, na kila chungu kinachotoka mjini kikaguliwe chini kabla ya kushushwa garini.