Kwenda Kosti na gari: yale watu husema na vile barabara iko

Nairobi ukitaja tu unaenda Kosti na gari kila mtu ana ushauri, na wa kwanza ni huu: toka saa nne usiku, barabara iko wazi, asubuhi uko Mombasa. Hii ndio inaniuma kuliko zote. Usiku trela ndio zimejaa, na ukishapita njia panda ya Machakos sehemu kubwa ni leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa hivyo ni kuovateki lori baada ya lori na mataa makali yanakupiga machoni, halafu usingizi unakushika Mtito Andei ukiwa nusu tu ya zile kilomita 480 hivi. Toka alfajiri jamani, na mkiwa madereva wawili pokezaneni.

Tena mchana ndio utaona kwamba ile "njiani hakuna kitu, ni vichaka tu" si kweli. Makindu kuna hekalu la Masingasinga, msafiri yeyote anakaribishwa chakula bure bila kuulizwa dini. Mbele hapo barabara na reli zinapita katikati ya Tsavo mbili, Magharibi na Mashariki, na ukiwa na bahati unaona ndovu wekundu kwa sababu ya udongo mwekundu wa huko, ukiwa kwa lami tu. Na Mzima Springs, chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, maji yake hutoka milima ya Chyulu yakichujwa na mawe ya volkano, mengine yanapigwa bomba hadi Mombasa.

Eti lazima uwe na foo-bai-foo (4x4)? Kwa lami hadi Malindi hata gari ndogo kama Vitz inatosha. Ila kuna wale wanakata Voi kupitia ndani ya Tsavo Mashariki hadi geti ya Sala ndio watokee Malindi, njia tamu sana kando ya mto Galana, lakini ni murram, utalipia mbuga kwa eCitizen, na kama kumenyesha gari ndogo usijaribu.

Kitu kingine, Kosti si Mombasa na Diani peke yake. Kaskazini kama kilomita 60 kuna Kilifi na daraja lake juu ya mkono wa bahari, halafu Watamu, na hapo karibu ni Gede, mji wa Waswahili wenye msikiti, jumba la mfalme na visima, uliohamwa karne ya 17 na kuingia orodha ya UNESCO 2024. Watu hupita hapo mbio wakienda Malindi, na mimi naona ni dhambi, mpeni Gede asubuhi nzima.

Diani nayo si lazima upange foleni ya feri Likoni siku hizi, ukitoka Nairobi unashika barabara ya Dongo Kundu, hata kisiwani Mombasa huingii.

Lamu gari inaishia Mokowe, unaiacha hapo unapanda boti, na kabla ya kupita Garsen uliza hali ya usalama ilivyo na usafiri mchana.

Na bahari haikungoji. Maji yakipwa Watamu au Diani yanaenda mbali, unabaki na mawe na mwani, kwa hivyo waulize wavuvi saa za kujaa kabla hujapanga kuogelea, zinasogea karibu saa nzima kila siku.