Kabla ya Kuulilia Mchuzi wa Mifupa

Wiki hii nimeulizwa tena. Mtu ninayemheshimu, tena anayepika vizuri kuliko wengi, aliniomba namna ya kumpikia supu ya uyoga mgeni wake asiyekula nyama, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akashusha sauti kana kwamba tunapanga njama: "Lakini mchuzi wa mifupa kidogo utatia, si ndiyo? La sivyo ladha itatoka wapi?" Nimekuwa jikoni miaka mingi, na swali hilo nimelijibu kwa upole mara nyingi mpaka upole umeniishia. Ladha itatoka kwenye uyoga. Ikiwa haikutoka, kosa limefanyika kikaangoni, na mfupa utalificha kosa hilo tu.

Hebu tutazame jinsi supu hii inavyoharibiwa. Mpishi hukata uyoga, huutumbukiza katika maji yanayotokota pamoja na kitunguu, husubiri dakika 15, kisha huonja na kukuta maji ya kijivu yenye harufu hafifu ya udongo. Hapo ndipo anapokimbilia kidonge cha mchuzi, ambacho mara nyingine kina mafuta ya mnyama hata kama yeye hakusoma karatasi yake, na mgeni anakunywa nyama bila kujua. Uyoga mbichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 90 au zaidi, yaani katika gramu 500 ulizonunua, takriban gramu 450 ni maji. Anayeuchemsha akiwa hajaukausha anaongeza maji juu ya maji.

Maadamu kuna maji kikaangoni, joto litabaki karibu na nyuzi 100, ilhali ule mmenyuko wa Maillard, ambao hukutanisha asidi amino na sukari na kuzaa rangi ya hudhurungi pamoja na harufu ya kitu kilichokaangwa, hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi na kuendelea. Kwa hiyo maji lazima yatoke kwanza, na hakuna njia ya mkato. Sikiliza kikaango: mwanzoni uyoga hulia kidogo unapogeuzwa, kisha humwaga maji mengi kiasi cha kumtia hofu anayepika kwa mara ya kwanza, na sauti huwa ya kutokota, baadaye maji hukauka na sauti hugeuka kuwa ya mafuta yanayochachatika. Watu wengi huzima moto katika hatua ya pili, wakisema kwamba uyoga umeiva. Naam, umeiva, lakini haujakaangwa, na tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo supu yenyewe. Endelea kwa moto wa kutosha, katika chombo kipana, kwa mafungu mawili ikiwa chombo ni kidogo, mpaka kingo ziwe za hudhurungi na utando mweusi-mwekundu ushike kitakoni.

Wala usiogope kwamba utalainika mpaka uwe uji. Kuta za seli za uyoga zina khitini, dutu ngumu ambayo haiyeyuki kwa joto la jikoni, ndiyo maana uyoga hustahimili moto mrefu ambao ungezivuruga mboga nyingine nyingi.

Utando ule wa kitakoni ndio mchuzi mliokuwa mkiulilia. Tia kitunguu kilichokatwa na punje mbili za kitunguu saumu, vikilainika mimina maji mililita 750, kisha kwangua kitako kwa mwiko mpaka kiwe safi. Anayetaka kina zaidi aloweke gramu 15 za uyoga wa shiitake uliokaushwa katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, na ayatumie maji hayo pia, ila mchanga wa chini auache. Glutamati, ambayo mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 katika mwani kuwa chanzo cha umami, yaani ile ladha nzito kama ya nyama, imo ndani ya uyoga. Na shiitake mkavu una guanilati, dutu nyingine ambayo huikuza ladha hiyo mara nyingi.

Sasa nikiri jambo linalonikera. Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba tone la maji lisiguse kikaango, mpaka mwenzangu mmoja alipoanza kwa kumwaga robo kikombe cha maji juu ya uyoga, bila mafuta. Uyoga ulisinyaa upesi, vishimo vyake vya hewa vikajifunga, na mafuta aliyotia baadaye hayakunyonywa. Rangi ilipatikana vilevile. Kuhusu chumvi pia sina tena msimamo: nimeitia mwanzo na nimeitia mwisho, katika vikaango viwili vilivyokaa sambamba, na ulimi wangu haukuona tofauti.

Mengine ni mepesi. Uoshe uyoga, haraka, uukaushe kwa kitambaa. Maji yatakayoingia ni machache na yatatoka pamoja na mengine. Uyoga mdogo mweupe, ule wa kahawia na ule mkubwa uitwao portobello ni spishi moja, Agaricus bisporus, kwa hiyo chukua ulio mbichi zaidi. Kiazi kimoja kilichokatwa vipande vidogo huifanya supu iwe nzito. Chemsha dakika 20, saga nusu yake, na usijaze blenda kwa kitu cha moto. Krimu tia kijiko kimoja mwishoni, kwani ikizidi huituliza ladha mpaka ilale, kisha matone machache ya limau.

Yule aliyeniuliza alinipigia simu baadaye kulalamika kwamba uyoga ulichukua dakika 25 kukauka. Nilimuuliza aliutia wote kwa mkupuo mmoja? Alinyamaza kidogo, akasema kikaango chake ni kidogo.