Amepita: hukumu ya adhabu na mtu aliye ndani ya Kristo

Kuna mama mmoja anakaanga samaki karibu na soko la samaki hapa Bagamoyo. Ibadani hakosi, kwaya yumo, mchango wa ujenzi hutoa kabla ya wengi. Ila ikifika Meza ya Bwana anainamia benchi mpaka wenzake warudi kuketi. Jioni moja nikamkuta anapanga vibua kwenye sinia, nikaamkia, akaitikia, kisha nikamwuliza.

"Baba Mchungaji," alisema huku mkono ukiendelea na kazi, "mimi hukumu yangu naijua. Naingoja tu."

Jambo lenyewe alinieleza, nalo litabaki kati yetu. Lilimpata akiwa binti. Leo ana wajukuu. Ametubu mara nyingi mno. Nimefundisha Agano Jipya miaka mingi, na watu wa namna yake ninakutana nao kila mwezi: kinywani wamesamehewa, moyoni wako rumande.

Paulo anawaandikia hao katika Warumi 8:1: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Wafasiri wa Biblia ya Union hawakutosheka na "hukumu" peke yake, nami nawashukuru. Neno la Kigiriki hapo ni katakrima. Katika Agano Jipya lote limetumika mara tatu tu, na zote ni humo humo Warumi: 5:16, 5:18 na hapa. Ni uamuzi wa kumtia mtu hatiani pamoja na adhabu inayofuata.

Wala Paulo hasemi kosa halikuwapo. Mistari michache nyuma yake alikuwa analia, "Ole wangu, maskini mimi!" Anachosema ni kwamba kesi ilisikilizwa mahali pengine. Mstari wa 3 unasema Mungu, kwa kumtuma Mwanawe, "aliihukumu dhambi katika mwili". Adhabu ilitolewa, ikabebwa. Aliye ndani ya Kristo hangojei shauri lake lisomwe upya.

Yohana 5:24 inakwenda mbali zaidi. Anayelisikia neno la Yesu na kumwamini aliyempeleka "yuna uzima wa milele, wala haingii hukumuni, bali amepita kutoka mautini kuingia uzimani." Tazameni hiyo -me-. Ukiambiwa mgeni amefika, hujaambiwa tu kwamba alifika. Umeambiwa yupo, teleka chai. Kigiriki cha mstari huu kina wakati wa namna hiyo hiyo, tendo lililokwisha na hali yake ingalipo. Na "yuna" ni ya leo. Sisi watu wa pwani tunaulizana "u mzima?" tukiwa tumesimama njiani, hatumngoji mtu afe ndipo tumwulize uzima wake. Uzima wa milele tunaanza kuuishi hapa, kaburi linaukuta umeshaanza.

Wapo wanaouliza kama basi tutende dhambi tupendavyo. Paulo alishawajibu katika Warumi sura ya 6 kwa neno moja: hasha.

Kinachonisumbua zaidi ni mfano tunaoupenda mno wahubiri wa mji huu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakanunua watumwa ili kuwaweka huru, na soko la Zanzibar lilikuwa halijafungwa, lilifungwa 1873. Tunasimulia hayo, kisha tunasema: hivyo ndivyo Kristo alivyokukomboa. Ni kweli kwa sehemu, na wale waliotolewa minyororoni hawakuona ni jambo dogo. Lakini waliokombolewa waliishi kwa kengele na kanuni, shamba na karakana, na wapo waliotoroka. Mtu anaweza kununuliwa kutoka kwa bwana mkali akaingia kwa bwana mpole, na bado usiku akalala akihesabu kama kazi ya leo imetosha.

Neema haiishii hapo. "Mtumwa hakai nyumbani sikuzote, mwana hukaa sikuzote," anasema Yesu katika Yohana 8:35. Ndiyo maana Paulo, katika Warumi 8 ile ile, anatoka kwenye mahakama anaingia sebuleni: hamkupokea roho ya utumwa iletayo hofu, bali ya kufanywa wana, twalia, Aba, Baba. Mtoto akivunja sahani huulizwa, pengine atalia, lakini usiku analala kwao.

Nilimweleza mama hayo kwa maneno machache kuliko haya, mafuta yakichemka. Nikamsomea na Wakolosai 2:14, ile hati ya kutushitaki iliyofutwa na kugongomewa msalabani. Hapo akanyamaza. Yeye mwenyewe ana daftari la wateja wanaokula kwa mkopo, na aliyelipa humpigia mstari. Akanifutia kiti, akalitoa daftari chini ya meza, limelowa mafuta pembeni, akafungua ukurasa wa nyuma kabisa.

"Niandikie hapa hiyo ya Warumi. Herufi kubwa, macho yangu si ya zamani."

Nikaandika.

"Weka na tarehe, baba. Deni likilipwa huwekwa tarehe."

Kalamu ikasita kidogo. Nilifikiria Ijumaa ile ya Yerusalemu, nilifikiria siku aliyobatizwa. Kisha nikatazama neno la kwanza la mstari niliouandika, nikaweka tarehe ya jioni ile.