Kuhamia Jimbo Lenye Hali Tofauti ya Hewa: Mazoea ya Kuyaacha Nyuma

Familia inayoondoka Phoenix, Arizona, mwezi Januari kuelekea Minneapolis, Minnesota, huacha nyuma mchana wa nyuzi joto karibu 20 za Selsiasi na, baada ya siku mbili tatu barabarani, hupokewa na usiku ambao mara nyingi hushuka nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. Makoti hununuliwa mapema, kwa sababu kila mtu anajua kwamba huko kuna baridi. Yanayosahaulika ni mazoea ya nyumbani, ambayo yalikuwa salama katika jimbo la zamani na sasa yamebebwa pamoja na masufuria na magodoro bila mtu kuyakagua. Sisi tunaoshughulika na afya ya jamii huyakuta mazoea hayo mara kwa mara tunapozitembelea familia zilizohamia karibuni.

Tuanze na anayekwenda kwenye baridi. Hatari aiogopayo iko nje, katika theluji na upepo, lakini ile iuayo kimyakimya imo ndani. Usiku wa kwanza wa baridi kali, kabla mzazi hajaelewa jinsi ya kuuwasha mfumo wa kupasha joto nyumba au akiwa na hofu ya bili yake, huwasha jiko la gesi, akaufungua mlango wa oveni na kuwalaza watoto sebuleni karibu nalo. Wengine huingiza ndani jiko la mkaa walilokuwa wakichomea nyama uani. Moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Nchini Marekani, sumu hiyo huwaua watu zaidi ya 400 kila mwaka kwa bahati mbaya, bila kuwahesabu wanaokufa katika moto. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na kwa kuwa hutokea majira yaleyale ya mafua, ni rahisi kudhaniwa kuwa mafua. Alama ya kuitilia maanani ni hii: watu wa nyumba moja wanaugua kwa wakati mmoja, bila homa, na kila atokaye nje hupata nafuu. Hapo wote watoke, kisha mmoja apige 911, namba ya dharura, akiwa nje. Kifaa cha kung'amua hewa hiyo kiwekwe katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, na ni vyema kukijaribu siku ileile mnapokabidhiwa funguo, maana mpangaji aliyetangulia huenda aliondoka na betri zake. Gari nalo lisiachwe likiunguruma ndani ya gereji, hata kama mlango uko wazi, na baada ya theluji kuanguka bomba la moshi lifukuliwe kabla ya kuwasha injini.

Koti nene la mtoto lina kasoro ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto akifungwa kwenye kiti chake cha gari akiwa amevaa koti lililojazwa sufi, mikanda huonekana imembana, kumbe imelibana koti tu. Gari likigongwa, sufi husinyaa na mikanda hulegea kiasi cha mtoto kuchomoka. Mvue koti, mfunge mikanda hadi usiweze kuukunja mshipi kwa vidole viwili pale begani, kisha mfunike kwa blanketi au kwa koti lilelile likiwa limegeuzwa, mikono mbele. Nje ya gari, sikilizeni kipimo cha baridi kinachojumuisha upepo, kwa sababu kinapofika takriban nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 30, na muda huo ni mfupi kwa mtoto anayesubiri basi la shule lililochelewa.

Safari ya upande mwingine, kutoka jimbo la baridi kwenda la joto, ina mtego wake. Katika mwaka 2023, Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo ikiwa na joto la nyuzi 43 na zaidi. Mwili huweza kulizoea joto, ila huhitaji kati ya siku 7 na 14 za kujizoeza kidogo kidogo, ili ujifunze kutoa jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo. Wakaguzi wa usalama kazini wa serikali ya Marekani wamebaini kwamba karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya kazi, na zaidi ya asilimia 70 katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo baba aliyepata kazi ya ujenzi au ya bustani hana sababu ya kuona haya kumwomba msimamizi aanze taratibu: mgeni hushauriwa kufanya asilimia 20 ya muda wa kazi katika joto siku ya kwanza, kisha kuongeza asilimia 20 kila siku.

Nyumbani, zoea la kufungua madirisha mchana ili upepo uingie huleta joto ndani. Feni pia hudanganya, kwa sababu joto la chumba likizidi nyuzi 32 huweza kumpulizia mtu hewa ya kumchemsha badala ya kumpoza, na hapo kiyoyozi au jengo la umma lenye ubaridi ndilo kimbilio. Gari lililoegeshwa juani hupanda takriban nyuzi 11 ndani ya dakika 10, hivyo mtoto asiachwe ndani hata kwa kisingizio cha kuchukua mkate mara moja.

Mwenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anastahili kutajwa peke yake, kwani baridi, joto kali na upungufu wa maji mwilini vyote huweza kuamsha maumivu yake makali, na miinuko pia. Denver, Colorado, iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mtu mwenye afya huenda akaumwa kichwa au kukosa usingizi siku za mwanzo na kushangaa maharage hayaivi upesi, lakini mwenye seli mundu anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla hata ya kusaini mkataba wa nyumba. Majimbo ya kaskazini mashariki na ya juu ya kati yana kupe waenezao ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria, kwa hiyo watoto wakitoka majanini wakaguliwe nyuma ya magoti, kwapani na kichwani.

Kama ningeulizwa nini kifungwe kwanza, ningesema dawa, na zisipakiwe kwenye lori la mizigo. Insulini inayotumika haipaswi kuzidi nyuzi 30, na ikiganda hutupwa hata kama imeyeyuka tena. Dawa za kupunguza maji mwilini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya joto. Zisikatishwe kiholela, bali daktari aulizwe mapema. Chukueni dawa za kutosha wiki kadhaa, pamoja na nakala za chanjo za watoto, kwa sababu kila jimbo lina masharti yake ya kuandikisha shule.

Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haivuki mpaka wa jimbo. Ni lazima kuiomba upya huko mnakohamia, na mwenye kipato kinachomzuia kuipata kule huweza kuhitaji kununua bima katika soko la bima la jimbo hilo. Kwa kawaida, aliyekuwa na bima kabla ya kuhama hupewa siku 60 za kujiandikisha nje ya msimu wa kawaida, na siku hizo huanza kuhesabiwa tangu kuhama, wakati maboksi mengi bado hayajafunguliwa.