Mwanafunzi Aliyeyapa Masomo Kisogo: Aanzie Wapi Kurudi?

Muhula ukifika katikati, sisi wa ofisi za ushauri wa wanafunzi hupokea malalamiko yaleyale: kijana haingii darasani, hawasilishi kazi, akiulizwa anasema atasoma. Wazazi wengi huita hali hiyo uvivu. Tunaomba neno hilo liwekwe kando kwanza. Mara nyingi mwanafunzi huyo alikosa kazi moja, akaona haya kukutana na mwalimu, akakosa na ya pili. Hapo anachokikwepa si somo tena, ni macho ya watu.

Kisha hujiapiza kumaliza viporo vyote ndipo arudi. Haviishi, na darasa halimsubiri. Aingie kipindi cha kesho, aandike maswali mawili matatu yaliyomshinda, na jioni asome mada ya nyuma inayoyajibu. Viporo vingine vitasubiri.

Kupitia daftari mara nne hakutoshi. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Basi afunge daftari, aandike anachokumbuka, alifungue ajisahihishe.

Walimu nao wana nafasi yao. Ujumbe wa “Sijakuona wiki hii, kazi ya pili bado naipokea hadi Ijumaa” humrudisha mtu kuliko jina lake kubandikwa ubaoni.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wengi huumia. Kwa kawaida ombi la kuongezewa muda huandikwa kabla ya tarehe ya mwisho, likiwa na kielelezo kama vile cheti cha daktari, na mwanafunzi hubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Kuahirisha muhula ni ombi jingine, nalo huhitaji kibali cha maandishi. Asiye nacho anaweza kuhesabiwa mtoro, akazuiwa kufanya mtihani, hata akaondolewa masomoni. Masharti hutofautiana, hivyo kila mmoja asome kanuni za taasisi yake. Kumwambia mwenzako “niombee ruhusa kwa mwalimu” si ombi. Tumelisema hili mara nyingi.

Kama mwanafunzi hapati usingizi, hali chakula, au anazungumzia kujidhuru, suala la alama lisimame. Asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali au kwa mshauri nasaha siku hiyohiyo. Ombi la kuahirisha linaweza kuandikwa na mzazi baadaye, cheti kikishapatikana.