Ufw imewashwa, lakini hifadhidata iko wazi

Vijana wengi wanaowekea maduka ya Nairobi mifumo ya stoo huamini kwamba ukiwasha ufw (ukuta-moto unaochuja miunganisho) kwenye seva ya Ubuntu na kuruhusu porti 22, 80 na 443 tu (za SSH na wavuti), umemaliza. Kama unatumia Docker, inayoendesha kila programu ndani ya kontena lake lililotengwa, bado. Ukiandika "5432:5432" (porti ya seva, kisha ya kontena) kwenye faili la Compose, linaloorodhesha kontena za kuwasha, Docker huweka kanuni zake za iptables (kichujio cha pakiti cha Linux), na pakiti hupelekwa kwenye kontena bila kupitia kanuni za ufw. "ufw status" haitaitaja porti hiyo, huku PostgreSQL, hifadhidata ya duka la Gikomba, ikibishiwa hodi na dunia nzima (na nywila, aghalabu, ni ileile ya mfano). Andika "127.0.0.1:5432:5432", ili porti ifikiwe kutoka ndani ya seva tu, au futa mstari huo: kontena za mtandao mmoja huwasiliana bila huo. Kisha jaribu kuifikia hifadhidata hiyo kutoka nje, hata kwa bando za simu.